Mtu wa Dunda Aliyefundisha Berlin

(Mhadhara wa wazi wa idara ya historia, uliotolewa Bagamoyo baada ya sala ya alasiri)

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum. Vijana mlioko ukutani, hapo hapo panatosha, mnasikia.

Nianze na kosa letu. Tangazo tuliandika "Mhadhara wa Wazi", na jana kijana wetu alipokuwa akilibandika aliulizwa: "Sheikh gani anakuja?" Kweli, mji huu ukisikia mhadhara hutazamia kanzu. Mimi nimekuja na shati la mikono mifupi. Mniwie radhi. (Kicheko.)

Idarani kwetu semina hufanyika mchana. Mtu anasoma makala yake kwa Kiingereza, kisha anaulizwa maswali. Mwaka fulani nilisoma yangu kuhusu wapagazi wa njia ya kutoka hapa kwenda Tabora hadi Ujiji. Nikanukuu maneno ya mzee mmoja niliyemhoji. Mwenzangu akauliza, "Mzee mwenyewe alisemaje?" Nikapekua karatasi zangu zote. Kiingereza changu kipo, Kiswahili cha mzee hakipo. Nilikuwa nimemfasiri, nikamwacha njiani.

Tangu siku hiyo namfikiria sana mtu wa hapa kwenu, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda.

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika seminari ya lugha za mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Pale walisoma Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Tazameni mambo hayo: Bagamoyo ilikuwa imetoka kupigwa katika vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, Bushiri kanyongwa Pangani Desemba 1889, na miaka kumi na moja baadaye mtoto wa mji huo huo anasimama mbele ya maafisa watarajiwa kuwasahihisha ngeli. Sisemi alikuwa shujaa, wala sisemi alikuwa kibaraka. Alikuwa mwalimu mwenye kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko yangu.

Huko aliandika habari za watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii: uzazi, chuo cha Kurani, arusi, ngoma, majumbe na ada zao, madeni, utumwa, safari za bara. Mwaka 1903 zikachapishwa kuwa kitabu, Desturi za Wasuaheli. Kwenye jalada limekaa jina la Carl Velten, Mjerumani wa seminari ile ile, kwamba ndiye aliyekusanya. Sawa, alikusanya. Hata mwenye kapu sokoni hukusanya, lakini muhogo una aliyeulima.

Ila Velten alifanya jambo moja ambalo mimi sikulifanya: Kiswahili alikiacha. Ndiyo maana leo mtu wa Bagamoyo anaweza kukifungua kitabu kile akasema hapa pamesemwa sivyo. Makala yangu nani wa Dunda atasema pamesemwa sivyo?

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Kwa kupenda, kwa idhini, ndoa halali. Wanafunzi wake walikuwa tayari wanaona vibaya kufundishwa na mtu mweusi, ndoa ikazidisha. Akaacha kazi. Mwaka 1905 mume na mke wakapanda meli kurudi huku, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka. Mtu anaiona pwani ya kwao kutoka melini, anarudishwa Ulaya! Aliishi huko, akafanya kazi Hamburg, akazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki ili apate riziki. Alifia Berlin mwaka 1927.

Kwa hiyo wazee, mhadhara wa historia kwa watu wote, usiohitaji kadi ya chuo, mtu wenu aliutoa kabla idara yoyote ya historia haijafunguliwa nchini. Ile ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1964, chini ya Terence Ranger.

Na tusiionee idara ile. Mwaka 1968 wanafunzi wake walikwenda kusini kuwahoji wazee walioikumbuka Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka ule ule wa 1905 Mtoro aliporudishwa. Walikaa vibarazani, wakaandika. Bila kazi ile tungebaki na taarifa za maafisa wa Kijerumani peke yake. Mwanahistoria Isaria Kimambo naye aliijenga historia ya Upare kwa masimulizi ya Wapare. Njia hiyo tuliijua. Sisi wa baadaye tukaona rahisi kukaa na makabrasha, na huko kuna feni.

Leo nimekuja na nakala za kurasa chache za Mtoro, Kiswahili chake vile vile. Zimeshagawiwa. Nawaombeni mzisahihishe kwa kalamu, pembeni, kisha mnirudishie. Semina ijayo idarani tutazisoma hizo, kwa Kiswahili, na maandishi yenu ya pembeni yatasomwa pamoja.

Nilitaka niongeze habari za arusi, lakini kabla hatujaanza bibi yangu yule aliyekaa karibu na nguzo aliupitia ukurasa ule, akaniuliza: "Huyu Mtoro mwanamume, chumbani kwa kungwi aliingia lini?" Sikuwa na jibu. Kijana, mpelekee bibi maikrofoni.