Siwa, Pumzi na Harusi ya Lamu

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Leo tuna mambo matano ya kuzingatia ukienda jumba la makumbusho. Yameandikwa, karatasi hii hapa. Jambo la kwanza…

KASSIM: Ngoja kwanza.

ZUHURA: Ameshaanza.

KASSIM: Si mnajua nilikuwa Lamu, mtoto wa ami yangu anaoa. Basi mchana wanawake wameshika nyumba, sisi wanaume hatutakiwi jikoni wala ukumbini. Nikatoka zangu, nikaingia makumbusho pale pwani, ile nyumba ya ghorofa inayotazama bahari.

ZUHURA: Waliyokuwa wakikaa ma-DC, wakuu wa wilaya wa Kiingereza.

KASSIM: Hiyo hiyo. Milango ya nakshi nikaipita, modeli za majahazi nikazipita. Nikafika kwenye siwa, zile baragumu kubwa za sherehe. Dada, nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Ziko mbili: ya Lamu ya shaba, na ya Pate, kisiwa jirani, ya pembe za ndovu, wanasema ya karne ya 17. Hiyo ya pembe inapita mita mbili. Inanizidi.

ZUHURA: Wanaotusikiliza wanajua ni nini kisichokuzidi.

KASSIM: Cheka. Mimi nikawaza, jioni hii tuna harusi, dijei ameshafunga maspika uwanjani, na kitu kilichokuwa kikipulizwa harusini kimefungiwa kabatini hatua chache kutoka hapa. Nikamwuliza yule mlinzi, hii haitoki hata siku moja ikapulizwa?

ZUHURA: Akasemaje?

KASSIM: Akacheka kama wewe.

ZUHURA: Kwani nani angeipuliza? Wewe? Uliponipigia simu ukiwa juu ghorofani nilidhani unakimbizwa na punda.

KASSIM: Zile ngazi zimesimama wima!

ZUHURA: Ni ngazi za nyumba, Kassim. Siwa inapulizwa kwenye tundu la ubavuni mwake, inataka kifua. Wewe hata puto la mwanangu lilikushinda.

KASSIM: Puto lilikuwa na tundu. Haya, pumzi tuiache. Nasema hivi: siwa bila sauti ni pembe tu. Walioichonga hawakuichonga itazamwe.

ZUHURA: Nami nasema ibaki papo hapo. Wewe mwenyewe unaijua hadithi ya Mwana Darini.

KASSIM: Naijua, lakini isimulie.

ZUHURA: Masimulizi ya Pate yanasema mwanamke huyo alitaka kumfanyia mwanawe sherehe, akanyimwa siwa ya enzi. Hakulia. Akamtafuta fundi, akamfanyia yake kwa siri. Sasa ile ya kwanza, watu wa Lamu wakaja kuiazima, na chombo kikazama nayo baharini. Imekwenda! Huko ndiko kuazimana siwa kwa harusi.

KASSIM: Malizia basi. Ilipozama ile, sultani alirudi kwa nani?

ZUHURA: Kwa Mwana Darini.

KASSIM: Na Mwana Darini aliifungia? Alisema anayeitaka aichukue, bora mpulizaji alipwe! Wamepoteza moja baharini, na bado wakaendelea kupuliza nyingine.

ZUHURA: Kwa sababu fundi alikuwapo. Leo ikipasuka hii utamwita nani? Na pembe za ndovu utazitoa wapi, Tsavo?

KASSIM: Ya shaba basi. Shaba haipasuki.

ZUHURA: Unanipandisha hasira sasa. Siwa ilikuwa ya nani? Ya waungwana. Babu yangu mimi, mvuvi, asingepewa siwa hata angeoa mara saba. Leo mtoto yeyote wa shule anaingia, anasimama mbele yake, anaitazama nakshi kwa karibu. Kioo ndicho kilichotufungulia sisi.

KASSIM: Babu yako hakupewa, lakini aliisikia. Mji mzima uliisikia, na mtumwa pia. Sasa mwenye tiketi anaiona, asiye na tiketi hana hata mlio.

ZUHURA: Aliisikia ikimwambia yeye si mtu wa daraja hiyo. Hiyo ndiyo raha?

KASSIM: Si raha. Lakini…

ZUHURA: Lakini nini?

KASSIM: Lakini sikubali. Na jambo lingine: siwa ya Pate inakaa Lamu! Mji uliowapiga Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, katika vita vya Shela! Hilo wewe halikuwashi?

ZUHURA: Linaniwasha, ndiyo. Hapo kidogo tuko pamoja. Ila irudi Pate ikakae kabatini vilevile.

KASSIM: Irudi ikapulizwe.

ZUHURA: Na nani? Na wewe? Utazimia kabla bwana harusi hajatoka.

KASSIM: Nitafanya mazoezi. Nitaanza na ngazi za Ngome ya Lamu.

ZUHURA: Ngome hiyo ilikuwa jela mpaka 1984, Kassim. Ukikwama humo usinipigie.

KASSIM: Na tungeizungumzia Ngome, maana ilianza kujengwa baada ya vita hivyo vya Shela, ikamalizika 1821. Ilikuwa kwenye karatasi?

ZUHURA: Ilikuwa jambo la tatu. Hatujagusa hata la kwanza, na fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili.

KASSIM: Yasome haraka haraka.

ZUHURA: La kwanza, nenda asubuhi, kabla ya jua kali. La pili, zungumza na wahudumu… Kassim, hili wewe ulilitumia vibaya.

KASSIM: Nilimwuliza swali la haki!

ZUHURA: Ulimwomba siwa. Jamani, matatu yaliyobaki mtajisomea wenyewe nitakapoyaweka.

KASSIM: Nanyi tuandikieni, ipulizwe au isipulizwe. Wa Pate hasa.

ZUHURA: Wa Pate waandike, lakini usiwafundishe jibu.

KASSIM: Jibu wanalo, ni…

ZUHURA: Zima, fundi.