Deni Halipandi Difenda

Ndugu zangu, najua mlichokuja kusikia. Kila nikisema nimekesha zamu na askari wa doria, swali ni lile lile: mlimkimbiza nani? Risasi zililia? Hapana. Nilipewa kibali, nikapanda difenda, lile gari la doria la polisi, na koplo mmoja na vijana wake hapa Dar es Salaam, jioni mpaka alfajiri, na kazi kubwa niliyoiona ni ugomvi wa watu wanaojuana.

Sasa nisikilizeni, maana hili nimelisema hata mbele ya mawakili na bado haliwaingii. Mama ntilie kalalamika katapeliwa na kijana wa bodaboda. Tukaenda. Kumbe kijana alikuwa anakula kwa mkopo, deni analikubali, ila tajiri kamnyang'anya pikipiki na hana senti. Mama ana RB yake, ile namba ya taarifa aliyoandikiwa kituoni, kaifunga kwenye pindo la kanga. Anataka kijana apakiwe. "Afande, akilala ndani usiku mmoja tu, ndugu zake watalipa."

Mnacheka! Hiyo ndiyo hesabu ya mji mzima. Mahabusu tumeigeuza dawati la kukusanya madeni, halafu kesho tunalalamika polisi wanaonea watu. RB kaichukua nani?

Kuna mtu pale ananyanyua mkono: mwalimu, na kama alidanganya tangu mwanzo? Vizuri. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni jinai, imo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hapo askari ana kazi. Lakini aliyekopa kwa nia njema akakwama, hayo ni madai, si jinai. Mpeleke Mahakama ya Mwanzo. "Mahakama zinachelewa." Zinachelewa, sikatai. Kwa hiyo mtu akalale na kunguni kwa sababu karani ana mafaili mengi?

Koplo yule alivuta benchi la mama, akakaa. Akawaandikisha makubaliano: kijana atalipa kidogo kidogo kila Jumamosi, mwenye nyumba shahidi. Ilichukua muda, vijana kwenye gari wanapiga miayo. Mimi nauliza, na nitaendelea kuuliza: askari huyu atapandishwa cheo na nani kwa mtu ambaye hakumkamata?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mengine mbio mbio. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa askari saa 4 za kumhoji mtuhumiwa, na zinaanza anapowekwa chini ya ulinzi, si pale anayeshika kaunta anapopata kalamu. Zinaongezwa kwa utaratibu, msiniulize leo. Dhamana ya polisi hailipiwi. Hailipiwi! Hata ya chai.

PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, nilikuwa nimeiandalia kurasa nzima, sasa itabidi mniulizie. Haya, dada wa nyuma, mwenye kitenge cha bluu, anza wewe.