Fedha ya Matanga Inaingia Mfuko wa Nani?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari na wenye chaneli za mtandaoni, Dar es Salaam

Itifaki imezingatiwa. Niliombwa nizungumzie maadili ya mtandaoni kwa ujumla, lakini mtaniwia radhi, nitabaki kwenye jambo moja linaloniuma: watu wanaojipatia kipato kwa misiba ya wenzao.

Januari 2019 magaidi walishambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, wakaua watu 21. Gazeti la Marekani, The New York Times, likaweka mtandaoni picha ya miili ya waliouawa mgahawani. Wakenya walichachamaa, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likadai picha ile iondolewe. Walikuwa na haki kabisa. Hakuna mtu anayestahili kumtambua ndugu yake kwa rangi ya shati kwenye simu.

Agosti 10 ya mwaka huohuo lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro. Walikufa watu zaidi ya 100. Video za watu walioungua zikazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye kurasa zetu wenyewe, tena nyingine zimebandikwa nembo, eti wengine wasiibe. Safari hii hapakuwa na mgeni wa kumlaumu.

Tuelewane kwanza fedha inavyopatikana. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayotokea kwenye video zake ndefu. Njia moja ya kuanza kulipwa hivyo ni awe na wafuasi 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Na video ikifika dakika nane, inaruhusiwa kuwekewa matangazo katikati. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini mahojiano na mjane hayaishi dakika tatu. Yanavutwa. Swali linaulizwa, linageuzwa, linaulizwa tena.

Mmeyaona haya. Turubai limefungwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, mjane yuko ndani katikati ya shangazi na mawifi. Vipaza sauti vitano vinapita mlangoni. "Mama, pole. Unajisikiaje?" Analia. "Mara ya mwisho mliongea nini na marehemu?" Analia zaidi, na kamera inasogea usoni. Kisha anatafutwa mtoto, wa miaka saba hivi, anaulizwa baba alikuwa anamletea zawadi gani akirudi kazini. Jioni video inapanda: "INASIKITISHA! MKE WA MAREHEMU AFUNGUKA MAZITO". Mama yule hajafunguka chochote. Amelia tu, na kilio chake kimewekewa tangazo la sabuni.

Mtaniambia alikubali mwenyewe. Alikubali akiwa katika hali gani? Mtu huyo siku ile hata kikombe cha chai anashikishwa mkononi. Wazee ndio wanaoamua azikwe wapi mumewe, wifi ndiye anayejua funguo ziko wapi, jirani ndiye anayewaogesha watoto. Desturi yetu inatambua kwamba mfiwa hana uwezo wa kuamua mambo, ndiyo maana tunamzunguka. Halafu anakuja kijana na kamera, anapata neno "sawa" kutoka kwa mtu huyohuyo, na anaona ana ruhusa ya kumwonyesha nchi nzima, leo na miaka kumi ijayo.

Na kuna lililo baya kuliko hilo. Habari ya kifo kwetu ina njia yake. Kikao kidogo hukaa, wanapanga nani apelekewe kwanza na nani asiambiwe mpaka afike nyumbani. Wengi humu mmewahi kupigiwa simu mkaambiwa "njoo, bibi anaumwa", nanyi mkajua. Mama mwenye presha haambiwi kwa simu kwamba mwanawe amefariki. Sasa mama huyo anaikuta picha ya mwanawe mtandaoni, kabla hata ya kikao kukaa, kwa sababu kuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza. Wa kwanza kwa nini? Kwa sababu wa kwanza ndiye anayetazamwa, na anayetazamwa ndiye anayelipwa.

Siwaiti wezi. Najua tangu 2018 mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni ya habari Tanzania anatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na ya kulipia. Najua bei ya bando. Najua wengi wenu hamna mshahara, na msiba wa mtu maarufu unalipa kodi ya chumba. Lakini hebu tazameni fedha nyingine yote inayopita msibani. Mtu akitoa rambirambi, hata shilingi elfu mbili, jina lake linaandikwa kwenye daftari. Mwisho daftari linasomwa mbele ya watu: zimeingia kiasi hiki, jeneza limekula kiasi hiki, mchele kiasi hiki, mjane anakabidhiwa zilizobaki. Mweka hazina akila elfu kumi ya msiba, mtaa mzima utamsema mpaka ahame. Fedha ya video ndiyo peke yake inayotokana na kifo kile na haionekani kwenye daftari lolote.

Ninachoomba kinawezekana kesho asubuhi. YouTube inakuruhusu kuzima matangazo kwenye video moja moja. Video ya mfiwa anayelia, zima. Kama habari ina umuhimu kwa umma, itabaki na umuhimu bila tangazo; na kama bila tangazo huoni sababu ya kuipandisha, basi usiipandishe. Mtoto asihojiwe msibani, hata mjomba akiruhusu. Na ukimhoji mfiwa, rudi kwake baada ya kuanua matanga, umwonyeshe video, umuulize tena. Akisema ifute, ifute.

Sisemi tufunge macho. Kuna familia zinatuita zenyewe: mwili umezuiliwa mochwari kwa deni la matibabu, au kijana amefia mikononi mwa watu wenye mamlaka na hakuna anayejibu. Hapo kamera ni msaada mkubwa, na anayekataa kwenda kwa kuogopa lawama amekosea. Nenda. Ila angalia namba ya simu ya kutumia michango inayopita chini ya kioo ni ya nani. Nimeona mara nyingi ni ya mwenye chaneli, na maelezo kwamba "tutawafikishia". Iwe namba ya familia, jina lililosajiliwa lionekane, na mtu aliyechaguliwa na kikao cha ukoo aishike simu hiyo.

Nimemaliza yangu. Nipeni maswali, na ningependa tuanze na wenye chaneli.