Fuata Joto: Pesa ya Nyumba Inapovujia
Mhadhara kwa wakazi wa Ngamiani, Tanga

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za tangu asubuhi.

Naomba tuanze na chaja ya simu, maana hiyo ndiyo inayogombanisha watu majumbani. Baba akipita sebuleni akaikuta imechomekwa na simu haipo, nyumba haikaliki siku hiyo. Jamani, chaja ya siku hizi ikikaa ukutani peke yake, mwezi mzima haimalizi hata robo ya yuniti. Halafu baba huyo huyo anaingia jikoni, anajaza birika la umeme hadi mdomoni, anachemsha, anachota kikombe kimoja, anaondoka zake. Pesa imeondoka hapo, na hakuna aliyepiga kelele.

Neno langu leo ni moja: fuata joto. Kila kinachopasha, kinachochemsha na kinachokaanga ndicho kinachokula. Taa, redio na chaja ni watoto. Birika, pasi, hita ya kuogea na jiko ndio wazee wa nyumba, na mezani wazee ndio wanaomaliza.

Yuniti moja ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 100 kabla haijaimaliza. Birika la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa. Ukitaka kipimo cha kukaa nacho kichwani, chukua hiki: yuniti moja inachemsha kama lita 10 za maji, yaani nusu dumu. Sasa nyumba inayokunywa chai mara tatu kwa siku, kila mara wanachemsha lita moja na nusu wakati wanahitaji nusu lita tu. Lita moja inapoa bure, mara tatu, siku 30. Hizo ni lita 90, ni yuniti 9. Kwa viwango vilivyopitishwa 2016, mwenye D1, yaani daraja la nyumba zenye matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa kila yuniti katika zile 75 za kwanza za mwezi, kabla ya kodi na tozo. Akivuka 75, kila inayozidi ni shilingi 350. Kwa hiyo yuniti 9 zile zile kwa mmoja ni shilingi 900, kwa jirani yake ni 3,150. Ndiyo maana mwisho wa mwezi umeme unaonekana kama unakimbia.

Dawa yake: pima maji kwa kikombe kabla hujamimina, ila yasishuke chini ya alama ya chini ya birika, kwa sababu waya ukikosa maji unaungua. Au chemsha mara moja asubuhi, utie kwenye chupa ya chai. Kizibo cha chupa kikishalegea, joto linatoka. Badilisha kizibo, usilaumu chupa.

Sasa tuje jikoni penyewe. Hapa nitakaa.

Maji yakishachemka yamefika mwisho wa joto lake. Ukiongeza moto hayawi moto zaidi, yanageuka mvuke tu. Na mvuke ni ghali mno: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula moto kama mara saba ya ule uliotumika kuyafikisha kwenye kuchemka. Mara saba! Kwa hiyo sufuria inayotokota bila mfuniko, moto juu, dirisha la jiko limejaa ukungu, ujue ile ni pesa yako inatoka dirishani. Weka mfuniko, shusha moto mpaka uone kiputo hapa na kiputo pale. Maharage hayajui tofauti.

Bora zaidi, yatoe motoni kabisa. Hapa mbele kuna kapu. Ni kapu la ukili la kawaida, mnaliona sokoni Mgandini kila siku. Kapu la joto kazi yake ni kuzuia joto la sufuria lisitoke, chakula kimalizie kuiva humo, basi. Linatakiwa kuwa kubwa kuliko sufuria kiasi cha upana wa kiganja kila upande na chini. Nafasi ile unaijaza sufi, ile ile ya mito. Sufi ikikosekana, nguo chakavu zilizochanwa au makumbi makavu ya nazi yaliyochambuliwa yanafaa, ila makumbi yawe mengi na yashindiliwe. Juu ya sufi tandika kitambaa cha pamba ili kikapu kiwe na shimo la kukaa sufuria bila kupwaya. Kisha shona mto wa sufi, unene wa vidole vinne au zaidi, wa kufunika juu. Mto ndio watu wanaoudharau, na joto linapanda juu. Kapu lenye mto mwembamba ni kapu la mboga.

Maharage nusu kilo: osha, loweka usiku kwa lita moja na nusu ya maji, saa 8 hadi 10. Asubuhi mwaga maji yale. Tia maji mapya lita 2 kwenye sufuria ya lita 4, funika, chemsha. Yakishatokota vizuri hesabu dakika 20, mfuniko usiinuliwe mara kwa mara. Dakika hizi usizipunguze. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu inayovunjwa na kuchemka kwa nguvu, na joto la kapu peke yake haliivunji. Baada ya hapo futa kitako cha sufuria, hakikisha hakuna kaa lililong'ang'ania, kwa sababu sufi inashika moto haraka sana. Tia kapuni, funika kwa mto, ondoka. Saa 3 hadi 4 usifungue. Kila ukifungua kuchungulia unatoa joto ambalo huna jinsi ya kulirudisha. Ukiyatoa, rudisha jikoni, yaunge kwa nazi yako, yachemke tena dakika 10.

Wali ni rahisi zaidi: ukishachemka dakika 5 na maji bado yapo, ingiza kapuni, baada ya saa moja pakua. Punguza maji kidogo kuliko ulivyozoea, maana hakuna yanayopotea kwa mvuke.

Yanayoharibika ni haya. Sufuria iliyojaa robo tu inapoa upesi. Ijazwe angalau theluthi mbili. Chakula kisilale kapuni usiku kucha, kwa sababu kikishakuwa vuguvugu vijidudu vinashangilia, na tumbo la kuhara linakula akiba yote. Na sufi inanyonya mvuke. Siku ya pili ianike juani, la sivyo itanuka na haitashika joto.

Kuna mama pale nyuma ananong'ona kwamba maharage yake hata yachemshwe kutwa hayaivi. Mama yangu, sababu ni tatu. Ya kwanza, maharage ya zamani. Hewa yetu ya pwani, joto na unyevu, inayakomaza yakikaa ghalani. Yakishakuwa hivyo hayalainiki. Nunua ya mwezi mmoja, usijaze debe kwa sababu bei imeshuka. Ya pili, maji ya kisima yenye chokaa, na chini yetu hapa ni mawe ya chokaa. Ukiona sabuni haitoi povu, usipikie maharage maji hayo; tumia ya bomba au ya mvua. Ya tatu, nyanya, ndimu au ukwaju uliotiwa mapema. Uchachu unazuia ganda lisilainike. Tia mwishoni. Magadi yanasaidia kweli, lakini yanaua vitamini. Kipande kidogo kama punje ya hindi kinatosha, na ukiwa na kapu huyahitaji.

Wenye gesi, mtungi wa kilo 6 umeandikwa kwenye shingo uzito wake ukiwa mtupu. Ikiwa ni kilo 7.2, mtungi uliojaa usome 13.2. Mwombe muuzaji auweke kwenye mzani kabla hujalipa. Si ugomvi, ni haki. Nyumbani, moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inatoka masizi, gesi haiungui yote: toa kichwa cha jiko, zibua vitundu kwa sindano, osha, kausha kabisa. Moto usipande ubavuni mwa sufuria, unapasha hewa tu. Ukihisi harufu, paka povu la sabuni kwenye maungio, usitafute kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo fungua milango, si madirisha ya juu peke yake.

Wa mkaa: chakula kikiiva, makaa yaliyobaki yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko wa kubana. Yanazimika kwa kukosa hewa na kesho yanawaka. Ukiyamwagia maji umeyalowesha, na kesho moto wa kwanza wote utakwenda kuyakausha. Debe likae nje, makaa yanayofifia yana hewa ya sumu isiyonuka. Na vifuu vya nazi, jamani, mbona tunavitupa? Tanga hii! Kifuu kikavu kinawasha mkaa bila mafuta ya taa, na kina moto mkali kuliko vijiti.

Friji nitapita haraka. Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka. Barafu ikizidi unene wa kidole kidogo, yeyusha. Usiikwangue kwa kisu, ukitoboa bomba la gesi umenunua friji nyingine.

Nimeulizwa kuhusu koki inayodondosha, maana maji nayo yana bili. Tone moja kila sekunde ni kama dumu moja la lita 20 kwa siku. Yuniti ya maji ni lita 1,000, ni madumu 50, kwa hiyo mwezi mmoja koki ile imekula zaidi ya nusu yuniti. Watu wanaibana kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo linalokata mpira wa ndani. Funga koki kubwa kando ya mita, fungua ile mbovu maji yaishe, legeza nati ya kichwa kwa spana, toa kichwa chote. Chini yake kuna mpira mweusi mdogo. Nenda nao dukani uchukue saizi ile ile, nyingi ni nusu inchi. Kabla hujarudisha, ingiza kidole upapase kiti ambacho mpira unakalia. Kikiwa na mikwaruzo, mpira mpya utachanika baada ya muda mfupi, basi nunua koki nzima. Zile za kugeuza robo mzunguko hazina mpira huo. Hubadilishwa kichwa chake chote, na fundi akikuambia anatia washa tu, yaani mpira ule, mwulize anaitia wapi.