Kiinimacho: Jicho Linalosingiziwa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wazee wetu wa Bagamoyo na wanafunzi wa sanaa, asalaam aleikum na habari za jioni.

Lugha yetu ina majina mawili kwa jambo nitakalolizungumza, mazingaombwe na kiinimacho, na hili la pili limenisumbua kwa miaka mingi, kwa sababu linalitupia jicho lawama yote. Nilipokuwa darasa la nne, mwanamazingaombwe alikuja shuleni kwetu, tukalipa kiingilio, naye akageuza vipande vya gazeti kuwa noti mbele yetu. Nilipomsimulia bibi yangu jioni ile, aliniuliza swali moja tu: mtu awezaye kutengeneza noti ana haja gani na senti zenu? Nilielewa papo hapo kwamba nimedanganywa. Hata hivyo, fundi yule aliporudi mwaka uliofuata, nilikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza mlangoni.

Kwa nini mtu anayejua kwamba atadanganywa hukubali kulipia?

Mwaka 2006, nchini Uingereza, watafiti Gustav Kuhn na Michael Land walichunguza mchezo mmoja wa kale. Fundi hurusha mpira mdogo juu na kuudaka, mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu huusitiri kiganjani, lakini mkono wake hupanda vilevile na uso wake huinuka kuufuata mpira ambao haukuondoka. Karibu theluthi mbili ya watazamaji walisadiki kwamba waliuona ukipaa na kutoweka hewani, ilhali fundi alipoutazama mkono wake badala ya juu, waliosadiki walishuka hadi kama theluthi moja. Watafiti walipima pia mwendo wa macho ya watazamaji, na hapa ndipo penye ajabu yenyewe: kwa sehemu kubwa macho hayo hayakupanda hadi mahali ambapo wenyewe walidai wameuona mpira. Jicho, basi, halikusema uongo. Wahenga walisema macho hayana pazia, nami naongeza kwamba pazia liko ndani zaidi, katika akili, ambayo hutangulia mbele ya macho na kuchora kile inachokitarajia.

Wala huo si udhaifu. Kijana anayedaka mpira ufukweni hapa huupelekea mkono mahali ambapo mpira bado haujafika, na bila utabiri huo asingedaka chochote. Kazi hiyo ya akili hufanyika kutwa nzima bila sisi kuihisi. Ni mwanamazingaombwe peke yake anayeikwaza kwa makusudi, nasi kwa nukta moja tukaishika akili yetu ikiwa kazini. Naamini hicho ndicho tunacholipia.

Lakini malipo hayo yanahitaji mapatano. Mcheza karata tatu wa stendi ana vidole vilevile vyepesi, ila msafiri anayepoteza nauli yake hakuambiwa kwamba anatazama mchezo. Vivyo hivyo, mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka mwanamazingaombwe Mfaransa, Robert-Houdin, nchini Algeria ili avunje heshima ya viongozi wa dini waliokuwa na sauti kwa watu wao. Alikuwa na sanduku dogo ambalo hata mtoto aliweza kuliinua, na ambalo shujaa wa miraba minne alishindwa kulisogeza pale sumaku ya umeme iliyofichwa chini ya jukwaa ilipowashwa. Ufundi ule naustahi kwa dhati, lakini siwezi kuuita burudani, kwa kuwa waliotazama walitakiwa watoke wakiogopa.

Nimekuja na ndimu. Nitairusha mara tatu, na siri yake mmekwisha kuijua. Mlio upande wa kulia, utazameni mkono wangu; mlio upande wa kushoto, nitazameni usoni, kisha mniambie ndimu imekwenda wapi.