Mbuzi wa Jumamosi: pointi 46 kwa handikepu ya 25

DEO: Karibuni tena jamani kwenye kipindi chetu cha gofu, ni sisi wale wale. Leo tuliahidi somo, mambo matatu yameandikwa hapa kabisa: namna ya kupata handikepu ya kuchezea, yaani mapigo unayopunguziwa kulingana na kiwango chako, kadi za matokeo za mashimo tisa, na kanuni za uwanja husika. Lakini dada Salma, kabla ya somo ngoja kwanza niitoe hii ya Jumamosi maana imenikaa kooni wiki nzima.

SALMA: Ya mbuzi.

DEO: Umeipata wapi?

SALMA: Kaka, magrupu yote ya gofu yanamjadili huyo mbuzi. Mimi klabu yangu hata siyo hiyo na nimetumiwa picha yake.

DEO: Basi kwa ambao hawana magrupu. Shindano la mwezi, Stableford, ile ya kukusanya pointi kila shimo, mdhamini kaleta zawadi ya kwanza mbuzi, beberu mzuri, kafungwa pale karibu na tii ya kwanza kila mtu anamuona akienda kuanza. Mimi nimepangwa na jamaa mmoja, jina namhifadhi, indeksi yake, kile kipimo cha uwezo wake kwenye mfumo wa handikepu, kikiwa kidogo ndiyo hodari, ni 24.0, na mimi ndiye maka wake, yaani mwandishi wa kadi yake. Dada, yule mtu alicheza! Draivu katikati, chipu zinakaa, shimo la nne birdi, na kila shimo mimi naandika tu. Tumefika mwisho najumlisha, pointi 46. Nikajumlisha tena. 46. Nikasaini.

SALMA: Ulisaini kwa sababu mapigo yalikuwa ya kweli.

DEO: Ya kweli kabisa, pigo kwa pigo, kadi ile ningeisaini mbele ya jaji. Aliyefuata ana 39. Mimi nina 31, kwa hiyo watu wasiseme namgombea mbuzi. Lakini alipotangazwa watu wakaanza kuguna, mwingine kasimama kasema huyu kila Jumatano anacheza hela na wenzake na anawapiga, hizo kadi ziko wapi? Kepteni akasema zawadi isimame mpaka kamati ya handikepu ikae. Kwa hiyo mpaka leo tunarekodi mbuzi hana mwenyewe, kafungwa nyuma kule kwenye stoo ya mashine za kukatia majani na vijana wa uwanja ndio wanamlisha.

SALMA: Hapo ndipo sikubaliani na kepteni wenu hata kidogo, lakini tuweke hesabu kwanza ili msikilizaji ajue tunabishania nini. Indeksi 24.0. Pale kwenu tii mlizotumia slopu, kile kipimo cha ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida, ni ngapi?

DEO: 126, reitingi, yaani mapigo yanayotarajiwa kwa mchezaji hodari, 71.2, na pa, mapigo ya kawaida ya uwanja, 72.

SALMA: Sawa. Unachukua 24 unazidisha kwa 126 unagawa kwa 113, ile 113 ndiyo slopu ya kawaida duniani kote, unapata 26.8 hivi, halafu unaongeza reitingi kutoa pa, yaani unapunguza 0.8, inabaki 26. Hiyo ndiyo handikepu ya uwanja. Halafu mashindano ya mtu mmoja mmoja ya kuhesabu mapigo au Stableford inashauriwa asilimia 95, kwa hiyo anacheza na 25. Pointi 36 ndiyo kucheza handikepu yako, yeye kaleta 46, yaani kumi juu.

DEO: Umeona sasa, somo la kwanza umeshalimaliza.

SALMA: Nusu yake. Sasa mapigo yake ya jumla ni kama 87. Unatoa 71.2 inabaki 15.8, unazidisha kwa 113 unagawa kwa 126, tofauti yake ya siku hiyo ni 14.2. Linganisha na indeksi yake 24.0, kaishinda kwa 9.8. Na mfumo una kanuni yake ya alama isiyo ya kawaida: ukiishinda indeksi yako kwa kuanzia 7.0 mpaka 9.9 unakatwa pigo moja zaidi, ukifika 10.0 unakatwa mawili.

DEO: Yaani kakosa kukatwa mawili kwa 0.2!

SALMA: Kwa pigo moja tu. Angepiga 86 angekatwa mawili.

DEO: Na shimo la kumi na nane alikosa pati, lile pigo la kuuviringisha mpira shimoni, ya futi tatu. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Sisemi zaidi.

SALMA: Usiseme zaidi kweli, maana mtu anakosa pati ya futi tatu mikono ikimtetemeka kwa kuona mbuzi wake anakaribia.

DEO: (anacheka) Haya. Kwa hiyo mwisho wa yote anashuka mpaka ngapi?

SALMA: Indeksi ni wastani wa tofauti 8 nzuri kati ya 20 za mwisho. Hii 14.2 inaingia, ile mbaya kuliko zote kati ya zile nane inatoka, tuseme ilikuwa 26.2, basi wastani unashuka 1.5, jumlisha na ile moja ya adhabu, anashuka 2.5. Anabaki 21.5.

DEO: Sasa dada hapo ndipo linaponichoma. Mtu kaishinda handikepu yake kwa kumi, unamshusha mbili na nusu! Mwezi ujao akicheza vile vile bado anaondoka na zawadi. Mimi nimeanza gofu kama kedi, nimebeba mabegi miaka, nakwambia kedi yeyote pale angekutajia jamaa huyu handikepu yake halisi bila kufungua simu. Angesema huyu ni 15, 16. Huwezi kuwa 24 na ukachipu vile.

SALMA: Unaweza siku moja. Ndiyo maana handikepu ipo. Watu wanafikiri mtu wa 24 analeta 36 kila wiki, hapana, indeksi inaangalia nane bora kati ya ishirini, kwa hiyo wiki nyingi mtu anakuwa chini ya 36, halafu inakuja siku yake.

DEO: Siku yake inakuja siku ya mbuzi tu?

SALMA: Kaka Deo.

DEO: Nauliza. Maana za Jumatano hazipo kwenye mfumo. Na mfumo unataka raundi inayokubalika uiingize, nzuri au mbaya, ndio maana tangu 2020 ile mifumo sita ya zamani ikaunganishwa ukawa mmoja wa dunia nzima, ili indeksi ya mtu wa Dar na ya mtu wa Nairobi zipimwe sawa. Sasa mtu anachagua za kuingiza, hicho kipimo kimebaki cha nini?

SALMA: Hapo niko na wewe. Asipoingiza kadi kamati ina nguvu, inaweza kumshusha, na ikimshusha lazima iwe angalau pigo moja zima, inaweza hata kumnyang'anya indeksi kwa muda. Ila anaitwa kwanza, anaambiwa, anapewa nafasi ya kujieleza. Na hayo yote ni ya kuanzia siku kamati ilipoamua kwenda mbele. Jumamosi alicheza na indeksi ambayo mfumo ulimpa na kamati yenyewe ilikuwa inaijua. Mbuzi ni wake.

DEO: Mbuzi si wake.

SALMA: Wake.

DEO: Mimi ndiye niliyesaini kadi na nakwambia si wake, kadi ni safi handikepu si safi, hivi ni vitu viwili. Na huyo mbuzi sasa amekuwa kesi, unajua kilichotokea juzi?

SALMA: Alikata kamba.

DEO: Alikata kamba! Akina mama wako uwanjani wanacheza, mbuzi katokea shimo la tisa kasimama katikati ya feawei, ile njia ya majani mafupi, kama msimamizi, mpira wa mama mmoja uko pale mita chache, mbuzi kaunusa, kausukuma na pua. Sasa wanabishana pale, mmoja anasema upige ulipo, mwingine anasema pigo la adhabu.

SALMA: Hakuna adhabu! Mbuzi ni kitu cha nje, kanuni ya 9.6, mpira uliotulia ukisogezwa na mnyama unaurudisha ulipokuwa, hujui mahali penyewe hasa unakadiria, hakuna adhabu. Ila lazima mjue, au mwe karibu na uhakika wote, kwamba ni mbuzi aliyeusogeza.

DEO: Na angeula?

SALMA: Unaweka mwingine pale pale, bure.

DEO: Haya, mpira uko hewani unampiga mbuzi mgongoni unaingia kichakani.

SALMA: Unaucheza ulipoishia, pole yako. Ila kama umepati kutoka kwenye grini, yale majani laini yenye shimo, na mbuzi kasimama juu ya grini mpira ukamgonga, pigo hilo halihesabiwi, unarudia.

DEO: Hii watu hawaijui kabisa hii! Na kwato? Maana alipita mpaka grini, kaacha alama.

SALMA: Kwenye grini alama za kwato unaruhusiwa kurekebisha, zimetajwa kabisa kwenye kanuni. Kwenye feawei au rafu, yale majani marefu ya pembeni, hapana, mpira ukikaa ndani ya alama ya kwato unaucheza hivyo hivyo, maana nafuu ya bure ni kwa shimo ambalo mnyama kachimba, na mbuzi hachimbi.

DEO: Na… zile mbegu zake nyeusi.

SALMA: (anacheka) Kinyesi cha mnyama ni takataka huru, unaondoa, hata ndani ya bunka, lile shimo la mchanga, tangu 2019 unaruhusiwa kuondoa bunkani. Ila ukiondoa mpira ukasogea, pigo moja, isipokuwa kwenye grini au eneo la tii.

DEO: Kuna msikilizaji wa Arusha alitutumia voisi kuhusu ngedere, kasema ngedere alishuka kwenye mti akachukua mpira feawei kila mtu anaona akapanda nao.

SALMA: Kama kila mtu ameona, anaweka mwingine pale ulipokuwa, basi.

DEO: Na sisi huku kunguru. Kunguru wa Dar ni mwizi kuliko ngedere, anauona mpira mweupe anadhani yai. Sasa hakuna aliyemuona kunguru, mpira haupo tu.

SALMA: Hapo hakuna ujanja, dakika tatu za kutafuta zikiisha mpira umepotea, pigo na kurudi ulipopigia. Kusema tu "lazima kunguru" haitoshi.

DEO: Unaona hiyo! Kwa kunguru unataka ushahidi, umeona au hujaona. Kwa jamaa wa Jumatano ushahidi upo, watu waliocheza naye wapo, hela walizolipa wanazikumbuka, na bado unampa mbuzi.

SALMA: Kwa sababu ushahidi huo unapelekwa kamati kabla, siyo baada ya mtu kushika kamba ya mbuzi. Hao wa Jumatano waliopigwa walikuwa wapi? Walinyamaza miezi, wamesema siku alipowashinda hadharani. Na wao pia raundi zao hawakuingiza.

DEO: Hilo kweli wanyooshewe kidole. Lakini halimfanyi yeye kuwa 24. Mimi nasema kamati iwaite makedi waulizwe, wanajua kila kitu.

SALMA: Nakataa kwa nguvu zote. Kedi anakula kwa mkono wa huyo huyo mchezaji. Unamuita mbele ya kamati aseme bosi wake anaficha handikepu, kesho nani anampa begi? Wewe umepita huko, unajua.

DEO: Ndiyo maana nasema, nimepita huko. Tulikuwa tunaona kila kitu na hakuna aliyetuuliza, na waliokuwa wanaibiwa zawadi ni wale wanyonge wa handikepu ya haki, mzee wa 18 anajipinda mwaka mzima hajawahi kupata hata glasi. Huyo nani anamtetea?

SALMA: Anatetewa na kadi. Kadi zote ziingie siku hiyo hiyo kabla ya saa sita usiku, maana mfumo usiku ndio unaangalia kama uwanja ulikuwa mgumu kuliko kawaida, na unahitaji kadi nane angalau ili uweze kuangalia. Na kwenye masharti ya shindano mnaweza kuweka ukomo, mwenye indeksi kubwa acheze na 18 tu kwa zawadi ya kwanza. Andikeni kabla.

DEO: Ukomo unamuumiza mgeni wa kweli. Dada mmoja kaanza juzi ana 40 halali, unamfungia mlango kwa sababu ya mwizi mmoja.

SALMA: Mwizi hujamthibitisha.

DEO: Mtazamaji anajua.

SALMA: Kamati ndiyo inayojua.

DEO: Basi hatufiki. Muda unasemaje huko? … Tumebakiza dakika mbili. Jamani, somo.

SALMA: Kanuni za uwanja husika hatuwezi kwa dakika mbili.

DEO: Achana nazo, wiki ijayo. Mashimo tisa sema haraka, kuna watu wameuliza sana.

SALMA: Haraka: tangu marekebisho ya 2024 ukicheza tisa tu hungoji tena tisa nyingine za kuunganisha, mfumo unajaza zile tisa zilizobaki kwa matarajio ya mchezaji wa indeksi yako, unapata tofauti ya kumi na nane papo hapo. Kwa hiyo wale wa jioni baada ya kazi hakuna tena kisingizio cha…

DEO: Cha Jumatano!

SALMA: Wao wanacheza kumi na nane hiyo Jumatano.

DEO: Kumi na nane, na hela juu.

SALMA: Basi mbuzi ni wake na kadi zake za Jumatano zianze kuingia.

DEO: Mbuzi si wake dada, muda umeisha, naambiwa nikate, kamati inakaa Alhamisi.