Msipige Windows Kwanza: Jinsi ya Kushughulikia Diski Inayokufa

Ndugu mafundi, ndugu wanafunzi, nanyi mliokuja na laptopu zenu kwapani, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie kompyuta inayokataa kuwaka kwa sababu ya diski. Hali yenyewe mnaijua: taa inawaka, feni inavuma, nembo ya kampuni inatokea, kisha inakuja skrini nyeusi yenye maandishi kwamba hakuna diski ya kuwashia, au kile kiduara cha Windows kinazunguka bila kikomo. Nitaeleza namna ya kuipima. Lakini nina jambo moja zito, nalo nalitanguliza: msipige Windows, yaani msiisakinishe upya, kabla hamjamuuliza mwenye mashine kuna nini humo ambacho hakipo pengine popote.

Nalisema kwa uchungu. Katika vibanda vyetu kupiga Windows kumekuwa dawa ya kila ugonjwa. Mashine nzito, piga Windows. Ina virusi, piga Windows. Haiwaki, piga Windows. Fundi anaandika upya juu ya diski iliyochoka, mashine inawaka kwa wiki mbili, mteja analipa na kushukuru, kisha anaenda nyumbani na kukuta picha za marehemu mama yake hazipo. Diski mpya inauzwa dukani. Picha zile, daftari la mikopo la kikundi cha akina mama, tasnifu ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hivyo haviuzwi popote.

Ili mnielewe kwa nini nasisitiza, tutazame ndani ya diski ya laptopu, ile ya inchi mbili na nusu. Mna sahani moja au mbili zenye utando wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Ukingo wa sahani hiyo hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Juu yake kuna vichwa vya kusomea, na havigusi sahani: hewa inayosukumwa na mzunguko huviinua kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa hiyo chembe ya vumbi tusiyoiona kwa macho, kwa kichwa hicho ni jabali. Ndiyo maana diski haifunguliwi mezani kwa bisibisi. Anayeifungua nje ya chumba maalumu kisicho na vumbi anaharibu kilichokuwa kimesalia.

Kichwa kikigusa sahani inayozunguka, kinakwangua utando, na ungaunga wa utando huo unasambaa na kuharibu sehemu nyingine. Kila mara mnapoiwasha "tuone labda safari hii itakubali", mkwaruzo unaongezeka. Diski ya namna hii ni mtungi uliopasuka: maji yaliyobaki yanahamishiwa chombo kingine kwanza, ufa unaangaliwa baadaye.

Basi kazi inaanzia kwenye sikio. Zimeni feni ya chumba, tegeni sikio karibu na diski, washeni mara moja tu.

Mkisikia sauti ya kugonga, ka, ka, ka, kwa mpangilio, vichwa vinatafuta alama za njia kwenye sahani na havizioni. Zimeni hapo hapo. Hakuna programu itakayotibu hilo, na kila kugonga ni hasara. Mkisikia mlio mwembamba wa kukazana bila mzunguko, mara nyingi vichwa vimenata juu ya sahani, hasa kama laptopu ilianguka ikiwa inafanya kazi. Nayo zimeni. Hizi mbili ni za mabingwa wa kuokoa data wenye chumba safi, na gharama yake ni kubwa. Mwambieni mteja ukweli huo, aamue mwenyewe kama mali yake inastahili.

Ikiwa kimya kabisa, haitetemeki hata ukiishika, kuna matumaini zaidi. Huenda umeme haufiki. Itoeni, iungeni kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Diski ya laptopu inatumia volti 5, lakini tundu dhaifu la USB linaweza kushindwa kuizungusha, hivyo jaribuni tundu lingine au adapta yenye umeme wake. Ikibaki kimya, bodi yake ndogo huenda imeungua. Hapa nawaonya wale wanaotoa bodi ya diski nyingine inayofanana na kuipachika: kwenye diski za miaka hii, bodi hubeba vipimo vya diski ile ile moja, vilivyohifadhiwa kwenye chipu. Bila kuhamisha chipu hiyo, au yaliyomo ndani yake, bodi ngeni kwa kawaida haisaidii kitu.

Hali ya nne ndiyo mtakayokutana nayo mara nyingi: diski inazunguka kwa sauti ya kawaida, ila inasoma kwa kusuasua. Hiyo ina sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya sahani visivyosomeka vizuri, na hapo fundi mwenye subira anaweza kuokoa karibu kila kitu.

Lakini kwanza thibitisheni kwamba mbovu ni diski. Ondoeni flashi zote. Ingieni BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka, kwa F2, F10 au Delete kutegemea mashine, mtazame kama jina la diski linaonekana. Betri ndogo ya bodi kuu ya kompyuta ikiisha, BIOS inaweza kusahau mipangilio yake. Namna ya kuwasiliana na diski ikibadilika kutoka ile iitwayo AHCI kwenda nyingine, Windows inakataa kuwaka ilhali diski ni nzima kabisa. Na kabla ya kubadili chochote BIOS, ulizeni kuhusu BitLocker, kufuli ya Windows inayofumba data yote ya diski. Laptopu nyingi za sasa zimefungwa nayo, na zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila huo, hata nakala kamili ya diski haifunguki.

Tukishajua ni sekta mbovu, washeni mashine kwa Linux, mfumo endeshi mwingine, iliyo kwenye flashi, bila kuigusa Windows. Sababu ni hii: Windows ikiona hitilafu hujaribu kujitengeneza, na kujitengeneza ni kuandika. Chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, nayo inaandika. Kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa faili, haijali kama faili lako limepotea katika kunyoosha huko. Na ikiwaambia diski inahitaji kufomatiwa, kataeni.

Someni taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, kwa programu ya smartctl. Msiridhike na neno kwamba diski imefaulu. Angalieni namba zenyewe. Mstari wa 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, 197 ni zinazosubiri hukumu, 198 ni zilizoshindikana. Zikipanda, diski inaondoka. Namba 199 ikipanda peke yake, tazameni kwanza waya na kiunganishi.

Kisha tumieni GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu kwenda diski nyingine nzima. Naipenda programu hii, na ni ya bure. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaruka zinazokwama, halafu inarudi kuzigombania baadaye. Kila hatua inaandikwa kwenye faili la ramani, hivyo umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Katika amri yake, mzunguko wa kwanza uwe na -n, ili isihangaike na sehemu ngumu, wa pili na -r3, ili izijaribu tena mara tatu. Diski ya kupokea iwe kubwa kuliko ya kutoa, na kabla ya kubonyeza kitufe someni kwa lsblk, amri ya Linux inayoorodhesha diski, ukubwa na jina la kila moja, mara mbili. Mkigeuza kutoa na kupokea, mmefuta kila kitu kwa mkono wenu. Kazi inaweza kuchukua saa nne, inaweza kuchukua siku kadhaa. Mwacheni mteja akasirike kwa kusubiri.

Faili zitafutwe ndani ya nakala, kwa programu za kurudisha faili, TestDisk au PhotoRec, na diski ya awali iwekwe pembeni.

SSD, diski isiyo na sahani inayohifadhi data kwenye chipu, ni habari nyingine: haina sauti, inaweza kufa ghafla bila dalili, na faili lililofutwa kwa kawaida halirudi, maana mfumo huiambia SSD isafishe nafasi hiyo. Huko nakala ya akiba ndiyo kinga pekee ya kutegemea.

Kuhusu kuweka diski kwenye friji, acheni. Ikitoka, unyevu unatanda juu ya sahani. Kuigongagonga pia acheni.

Diski ya zamani msiitupe wala kuirudisha kazini, hata kama inakubali kufomatiwa, mpaka mwenyewe afungue faili zake moja moja mbele yenu. Nimekuja na diski yenye sekta mbovu na adapta mbili. Wanaotaka kuiona ddrescue ikifanya kazi wasogee mbele, na wenye maswali waanze.